Shahidi wa Ushindi Pekee wa Bata Bukini

IFAHAMIKE kwa wote walio hai, na kwa wale wa jukwaa la mashariki ambao hali yao bado haijathibitishwa, kwamba Alhamisi hii, saa kumi na mbili jioni, katika ukumbi wa zimamoto wa Tamsen, Klabu ya Manyoya itamvisha heshima isiyo na mfano Bi. Odella Sramek: Mwanamke Asiyeondoka, Nguzo ya Jukwaa, Shahidi wa Ushindi, ambaye katika msimu ulioziaibisha mbingu na nchi alibaki kitini mwake mechi zote za nyumbani hadi kipenga cha mwisho. Mchuzi wa nyama na maharagwe utakuwepo. Mikate ya mdalasini kila mtu aje na yake.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa mkahawa, na aliyelitunga ni Merle Hinrichsen, mwenyekiti wa klabu hiyo ya mashabiki, ambaye riziki yake ni kuchonga mawe ya makaburi. Mtu akishazoea kuandika habari za watu wasioweza kumjibu, kalamu yake hupoteza breki.

Verlin Kubicek alilisoma akiwa amesimama nje, kofia ya dereva wa basi la shule kichwani, kahawa ikimpoa mkononi. Hakushangazwa na Nguzo wala na Mwanamke Asiyeondoka. Kilichomkwama kooni ni lile neno Shahidi. Tangu Novemba alikuwa anatafuta shahidi kama mtu mwenye upele anavyotafuta ukuta wa kujikunia.

Msimu wenyewe, tusidanganyane, haukuwa msimu; ulikuwa matanga ya kukatia tiketi. Bata Bukini wa Chuo cha Tamsen walicheza mechi kumi na moja, wakapigwa kumi. Walipigwa na vyuo vikubwa, wakapigwa na vidogo, wakapigwa na chuo cha wahubiri ambao wachezaji wao walikuwa wakikuangusha, wanakuombea, halafu wanakuangusha tena. Mpira huu Wamarekani wanauita wa miguu, ingawa mguu huugusa kwa nadra kama mvivu anavyogusa jembe. Kazi yenyewe ni kuukumbatia kwapani na kuvuka mstari wa wenzako kabla hawajakuvunja. Bata Bukini walikuwa wameimudu vizuri sana ile sehemu ya kuvunjwa. Kila Jumamosi kocha alisema vijana bado wanajifunza. Kufikia Novemba walikuwa wamejifunza kiasi cha kustahili shahada, ndipo kocha akafukuzwa.

Mashabiki nao walikuwa na utaratibu wao wa kupigwa. Timu ikishalemewa kabla ya mapumziko, watu walishuka jukwaani mmoja mmoja, kwa staha, kama wanaotoka msibani kwenda chooni, wakarudi kwenye uwanja wa nyasi walikoegesha magari. Huko majiko yalikuwa bado ya moto tangu asubuhi. Wakakaa nyuma ya pikapu zao, wakala soseji, wakanywa bia, wakamtukana kocha mpaka jua likazama. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Kwenda nyumbani ni usaliti. Kula soseji umeupa uwanja mgongo ni maombolezo.

Na kila walipogeuka kutazama juu, katika jukwaa tupu lile lenye mabenchi ya bati, waliona doa jekundu. Kofia ya Odella.

Odella Sramek ana miaka sabini na minne. Karibu maisha yake yote ya kazi aliendesha greda la wilaya, akisawazisha barabara za changarawe kati ya mashamba ya mahindi, theluji na jua. Alikuwa mwanamke wa kwanza wilayani kushika usukani wa greda na, kwa maelezo ya wenzake, mtu wa mwisho kuanzisha mazungumzo. Walisema unaweza kushinda naye kazini kutwa nzima ukarudi nyumbani na neno lake moja tu, na neno lenyewe ni "Sogea."

Mumewe, Ernie, ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili. Ernie alilia kama bata bukini kila timu ilipoingia uwanjani, akalia pia harusini mwake, na picha ipo. Alifariki msimu ule ambao timu ilishinda mechi tisa. Mchungaji alisimama kanisani akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba Ernie amekwenda moyo wake ukiwa umejaa. Odella, aliyekuwa benchi la mbele, akamsahihisha: "Ini."

Viti vyao viwili hakuviacha. Katika kile cha Ernie akawa anaweka mkoba wake wenye chupa ya chai na mayai ya kuchemsha. Merle alipomwambia kwamba mji mzima unaguswa na jinsi anavyomtunzia marehemu nafasi yake, Odella alimjibu kwamba chini kuna maji.

Lakini mji ukikosa ushindi hutengeneza watakatifu kwa malighafi iliyopo. Kadiri Bata Bukini walivyozidi kupigwa, ndivyo ile kofia nyekundu ilivyozidi kung'aa. Katikati ya Oktoba LaVonne Teague, mwenye saluni, alikuwa ameshaanza kuwaambia wateja waliofungwa vichwa, wasioweza kukimbia, kwamba Odella alimwahidi Ernie kitandani pale hospitali hatatoka uwanjani kabla ya kipenga. Nani alimwambia? Hakuna. Lakini nywele zikiwa zinakauka mtu huamini mengi.

Sasa tuje kwa Verlin, maana upele ni wake.

Kiti cha Verlin kinapakana na cha Odella, kushoto. Kilikuwa cha baba yake. Wamekaa hivyo miaka zaidi ya ishirini, na katika muda huo Odella amempa mayai mengi na sentensi chache. Siku ya mechi ya mwisho, dhidi ya Nyumbu wa Dunmore, ilinyesha mvua ya barafu, ile inayokuchapa usoni kama mwalimu aliyeachwa na mke. Kufikia mapumziko Dunmore walikuwa na thelathini, Bata Bukini tatu. Hata majiko kule chini yalikuwa yamezimika. Verlin akainuka. Miguu hakuisikia tena. Alijua ipo kwa sababu ilimwelekeza kwenye ngazi.

"Mimi nakwenda zangu, mama," alisema. "Hapa tunangojea pepopunda tu."

Odella alikuwa amevaa mfuko wa nailoni juu ya kofia. Aligeuka akamtazama. "Na wengine nao wanaondoka?"

Basi. Hayo tu. Lakini Verlin aliyabeba maneno yale majira yote ya baridi kama kokoto ndani ya kiatu. Na wengine nao wanaondoka? Hiyo ilikuwa shutuma ya mwanamke aliyeachwa peke yake melini na mabaharia wote, tena melini mwenye panya tu. Njiani alizima redio, maana alishajiapia kwamba timu hii ameachana nayo. Alifika nyumbani, akaoga maji ya moto, akala, na mkewe Twyla alipochungulia simu akasema, "Mzee, hii simu yangu imeharibika."

Bata Bukini thelathini na moja, Dunmore thelathini.

Mkosi ulikuwa umepangwa na fundi. Kamera ya chuo, iliyoshikwa na mwanafunzi mwenye glavu za mama yake, iliganda kabla ya robo ya tatu. Redio nayo ilikatika mtangazaji akiwa katikati ya kutangaza biashara ya matandiko ya ng'ombe. Mwandishi wa gazeti aliandika kwamba timu ilishinda "kwa namna ambayo haitasahaulika," na hapo ndipo alipoishia, kwa sababu, kama ilivyokuja kujulikana, naye alikuwa ameondoka. Mpigaji aliyesemekana kufunga, au kutofunga, alihamia chuo kingine wiki ileile. Siku hizi wachezaji huhama kama kware. Kwa hiyo Tamsen ilikuwa na ushindi mmoja, na ushindi huo haukuwa na sura. Ilikuwa kama kuambiwa umezaliwa mtoto, lakini hakuna aliyemwona.

Twyla hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa kwenye bati lile miaka mingi, akapata baridi yabisi ya nyonga, na dada yake wa Duluth alikuwa na nyumba kando ya ziwa na Jumamosi zote wazi. Tiketi za msimu mpya zilikuwa zinafungwa Ijumaa. Usipolipia, viti vinakwenda kwa mwingine na havirudi.

"Nipe sababu moja," alimwambia Verlin, akikamua kitambaa cha vyombo. "Sitaki kumi. Moja tu."

"Viti vya baba."

"Baba yako alikuwa anasinzia kuanzia robo ya pili. Nipe nyingine."

Verlin akafikiri. "Tulishinda, Twyla. Vijana wale wale. Walikuwa wamekwisha, wamelala chini, halafu kitu fulani kikatokea. Nikijua ni kitu gani, nitajua kama nirudi au nisirudi. Nikisikia tu kutoka kwa mtu aliyeona kwa macho yake."

"Na ukisikia ni upuuzi?"

"Basi tunakwenda Duluth."

Twyla akampa mkono, ukiwa na povu. Wakapatana.

Kesho yake Verlin akaanza upelelezi pale mkahawani, meza ya nyuma, ambako Klabu ya Manyoya hukutana kila Jumanne kukumbuka msimu uliopita, kama wagonjwa wanavyoonyeshana mishono. Walikuwepo Merle, LaVonne, na Duane Pfeifer, mwenye bucha, mtu mwenye shingo fupi na maoni marefu.

"Mnakumbuka ile ya wahubiri?" Duane alikuwa anasema. "Yule kijana wetu alidondosha mpira hakuna mtu karibu naye. Hakuna! Alishtuliwa na kivuli chake."

"Kile hakikuwa kivuli," alisema LaVonne. "Ile ilikuwa hofu ya Mungu. Walishamwombea mara mbili."

"Mimi iliyonimaliza ni ile ya Septemba," Merle alisema. "Tulipoupiga mpira ukarudi nyuma. Nimezika watu wengi, lakini sijawahi kuona maiti akijizika."

Wakacheka mpaka mhudumu akaja kuwatazama. Msimu mbovu una raha yake: kila mtu anaumiliki. Verlin akasubiri kicheko kitulie, akasema kama anayeomba chumvi, "Hivi ile ya Dunmore, ule mwisho hasa, ulikuwaje?"

Vikombe vitatu vikainuliwa kwa pamoja. Kisha Merle akajivuta.

"Ah, ule mwisho! Mpira wa kupigwa, bwana. Kutoka mbali kabisa. Ukagonga nguzo, ukasita, watu wameshika roho, halafu ukadondokea ndani. Nililia, sikufichi."

"Wewe Merle, ulikuwa unatazama nini?" LaVonne alisema. "Ni yule mfupi, yule mwenye nywele za kushonwa vibaya. Aliubeba mwenyewe. Kiatu kimoja kimemtoka. Alivuka mstari na soksi."

"Soksi gani?" Duane akapiga meza. "Ni walinzi wetu waliupora! Yule mnene akaanguka nao mstarini, kishindo mpaka kahawa yangu ikamwagika."

"Kwenye lango la upande gani?" Verlin akauliza.

Wakanyoosha vidole wote watatu kwa pamoja. Kimoja kilielekea jikoni, kimoja barabarani, na cha Duane kilielekea chooni.

Verlin alikunywa kahawa. Mtu anayeendesha basi la watoto hujifunza kutambua sauti ya wale wanaosema hawakutupa kitu dirishani.

Akaenda kwenye duka la matairi, maana huko alikuwa anafanya kazi Tice Oberholt, mchezaji wa safu ya mbele, kijana mwenye ukubwa wa jokofu na upole wake. Huyu alikuwa uwanjani kwelikweli, hakuna ubishi. Verlin akamkuta ameinama juu ya gurudumu la trekta.

"Ule mpira wa mwisho, mzee?" Tice alisema, akijipangusa. "Naukumbuka vizuri sana. Nilikuwa chini ya watu watano. Uso wangu ulikuwa umebanwa kwenye matako ya namba sabini na mbili wa Dunmore. Sikuona kingine. Namba ile naiota mpaka leo."

"Kelele ulisikia?"

"Nilimsikia yeye. Alikuwa anatukana. Ndiyo nikajua tumeshinda."

Haikutosha. Verlin alimshukuru, akanunua valvu ambayo hakuihitaji, kisha, kwa kuwa njia zote nyingine zilikuwa zimekwisha, akaendesha hadi kwa Odella.

Alimkuta nyuma ya nyumba anakaza waya wa banda la kuku, misumari mdomoni. Verlin akashika ncha ya waya bila kuombwa. Kwa muda wakafanya kazi, na kuku wakawajadili. Alikuwa amepanga namna ya kulizungukia jambo lile, lakini kumzunguka Odella ni sawa na kuzunguka ukuta. Ukimaliza bado uko nje.

"Siku ile ya Dunmore, mama," alisema hatimaye. "Ilikuwaje?"

Odella akatoa misumari. "Baridi."

"Najua baridi. Baada ya mimi kuondoka, nasema."

Akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayetaka kutoa jibu sahihi. "Barabara ilikuwa mbaya," alisema. "Barafu mpaka daraja la pili. Hawakumwaga chumvi ya kuiyeyusha." Akarudisha misumari mdomoni.

Verlin aliondoka pale ameinama. Njia nzima alilitafuna lile jibu. Barabara ilikuwa mbaya! Hawakumwaga chumvi! Alikumbuka Ernie, akakumbuka msimu, akamkumbuka kocha, akaona jinsi maneno machache yalivyobeba yote: safari ya timu, utelezi wa maisha, watu waliotakiwa kusaidia wasisaidie. Alipofika nyumbani alikuwa ameshayageuza kuwa mithali.

"Amesema nini?" Twyla aliuliza.

"Amesema barabara ilikuwa mbaya."

"Ilikuwa mbaya kweli. Ulichelewa chakula."

"Hujaelewa, Twyla. Anayaweka moyoni. Atayasema Alhamisi, mbele ya watu. Mambo kama yale hayasemwi bandani kwa kuku."

Twyla akamtazama mumewe kama unavyotazama dari inayoanza kuvuja.

Alhamisi ikafika. Ukumbi wa zimamoto ulikuwa umetolewa gari lake ili watu wapate nafasi. Endapo mji ungewaka jioni ile, ungewaka kwa heshima ya Odella. Meza zilipangwa, sufuria za mchuzi zikatoa mvuke, na mikate ya mdalasini ilichovywa humo kama ilivyo ada ya watu wa Nebraska, ambao ukiwauliza kwa nini wanachanganya pilipili na sukari watakuuliza wewe umelelewa wapi. Mji mzima wenye manyoya ulikuwepo, umevaa njano na kijivu. Odella aliwekwa meza ya mbele, kofia yake nyekundu kichwani. Alikuwa anakula. Alikula kwa utulivu wa mtu aliyeambiwa kutakuwa na chakula na sasa anahakikisha.

Merle akasimama. Alizungumza kwa muda ambao mchuzi ulitosha kupoa na kupashwa tena. Alisema juu ya uaminifu. Alisema juu ya walezi wa jadi, juu ya mvua, juu ya bata bukini arukaye kinyume cha upepo. Mwisho akavuta turubai, na chini yake pakaonekana jiwe. Alikuwa amelichonga mwenyewe, granaiti ya kijivu, kingo zimepambwa maua, na katikati:

ODELLA SRAMEK
HAKUONDOKA

Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakapungua kidogo, kwa sababu kila mtu aliona kwa wakati mmoja lile jiwe linafanana na nini.

"Litawekwa chini ya kiti chako, mama," Merle alisema haraka. "Kiti. Siyo mahali pengine."

"Zito," alisema Odella, akaendelea kula.

Hapo ndipo Verlin aliposimama. Hakuwa amekusudia. Magoti ndiyo yaliyosimama, yeye akafuatana nayo. Twyla alimshika shati kwa nyuma, akachelewa.

"Jamani," alisema. "Mimi siku ya Dunmore niliondoka mapumziko."

Kijiko kilianguka mahali.

"Niliondoka. Ushindi mmoja katika mwaka, na mimi nilikuwa bafuni nasugua miguu. Na mama huyu aliniuliza kama na wengine nao wanaondoka, nikashindwa kumjibu. Tangu siku ile sijalala vizuri. Nimekwenda kwa kila mtu kuuliza ule mwisho ulikuwaje, nimepewa miisho mitatu, na yote ilikuwa mizuri." Akageuka kuwatazama Merle, LaVonne na Duane. "Sitaki kumtia mtu aibu. Nauliza tu. Nani hapa alikuwepo?"

Merle alikuwa bado ameshika pembe ya turubai. Aliikunja. Akaikunjua.

"Mimi gari lilikuwa halina hita," LaVonne alisema ghafla, mkono kifuani. "Mungu anisamehe. Soksi niliitunga."

"Mimi nilikuwa na nyama kwenye moshi," Duane alisema, akiitazama sahani. "Nyama haingoji."

Watu wakageuka kumtazama mwenyekiti. Merle alijaribu kusimama wima, lakini alikuwa tayari amesimama wima, kwa hiyo kilichobaki ni kushuka. "Niliondoka kabla yenu," alisema. "Nilipita mlango wa nyuma ili msinione. Nguzo ile... nilidhani lazima kuna nguzo iliyogongwa."

Halafu wengine. Mmoja alikuwa na mafua, mwingine mama mkwe. Mkono huu ukainuka, na ule, mpaka ukumbi mzima ukaonekana kama darasa ambalo limekiri kuvunja dirisha. Mtu wa kwanza akacheka, nao wakafuata, kicheko cha watu waliovuliwa nguo wote kwa pamoja wakagundua hakuna wa kumcheka mwenzake. Mtu mmoja akalia kama bata bukini. Wote wakaitikia.

Verlin alijiona mwepesi kama hajawahi. Akaona jambo lile lote kwa uwazi wa ajabu: mji mzima ulikimbia, mtu mmoja akabaki, na kwa kuwa mmoja alibaki, kilichotokea kilitokea kweli. Hicho ndicho kilichomrudisha yeye kwenye bati lile kila mwaka. Si timu. Ni kukaa karibu na mtu anayebaki.

"Twyla," alisema mbele ya wote, "kesho asubuhi nakwenda kulipia viti. Vyote viwili."

"Hujasikia bado chochote," Twyla alisema.

"Sihitaji kusikia. Mimi nimeshaamua."

"Umeshaamua!" Twyla aliuambia ukumbi. "Mwenye ushahidi hajamaliza kutafuna, mwamuzi kashatoa hukumu!"

Lakini watu walikuwa wameshashangilia, na Verlin Kubicek alikuwa ametoa neno lake mbele ya Klabu ya Manyoya, jambo ambalo Tamsen lina nguvu kuliko ndoa. Watu watatu kwenye meza yake wakasema nao watalipia. Duane akasema atalipia vinne. Merle, machozi yakimtoka ya kweli safari hii, akaisogeza maikrofoni mbele ya Odella kama anayeweka shada.

"Mama," alisema, "wewe ndiwe macho yetu. Uliketi pale siku zote tulipokimbilia soseji. Tusimulie basi. Kwanza tuambie ulikuwa unakaa kwa ajili gani peke yako vile, mechi baada ya mechi?"

Odella alimeza. Aliitazama maikrofoni kwa mashaka, kama chombo kinachoweza kumwomba kitu.

"Mimi hufika wa kwanza," alisema. "Naegesha kule ndani kabisa, kwenye uzio. Ninyi mnakuja mnajipanga nyuma yangu, mnaniziba. Siwezi kutoka mpaka mtoke."

"Lakini, mama," LaVonne alisema, sauti imempanda, "si ungeshuka ukae na sisi pale kwenye magari?"

"Mnaongea sana."

Mtu alicheka, akaacha. Verlin alikuwa bado amesimama, mkono mmoja juu ya kiti cha Twyla.

"Na siku ya Dunmore?" aliuliza. "Ule mwisho, mama. Ulikuwaje?"

Odella akachukua mkate wa mdalasini wa mwisho kwenye sahani, akaupasua katikati.

"Sijui," alisema. "Siku ile mliondoka wote mapema. Njia ikawa wazi. Nikaenda nyumbani kulisha kuku."